Mkono Uliopita Sikio

Mwezi uliopita walituita sisi wazazi wa materneli ya hapa Magarama, mjini Gitega, ile shule ya watoto wadogo iliyo nyuma ya kanisa, wasikie maoni yetu. Kuna maneno yanayosemwa kwamba siku moja itakuwa lazima kila mtoto apitie materneli kabla ya darasa la kwanza, na mwalimu alitaka kujua tunaonaje. Mnaijua mikutano yetu. Mzee mmoja muuza maharage akasimama, akasema mtoto wa miaka minne hana la kusoma, kazi yake ni kula na kulia. Mama mmoja akamjibu palepale kwamba baba ana haki ya kusema hivyo, maana si yeye anayeshinda na huyo anayelia. Watu wakacheka. Kisha kijana mmoja, ambaye naye alirudi kutoka Tanzania kama mimi, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa chake, akashika sikio la kushoto, akasema kwa sauti: "Sisi tulipimwa hivi! Hiki ndicho kilikuwa cheti chetu cha kuzaliwa!" Ukumbi mzima ukanyanyua mikono. Watu wazima na heshima zao, kila mmoja anatafuta sikio lake, wanacheka mpaka machozi.

Mimi sikunyanyua. Nilijifanya natafuta kitu ndani ya mkoba. Tulikuwa tumemzika mama muda si mrefu, na kile kicheko kilinikuta vibaya. Nilitoka kabla mkutano haujaisha, nikarudi kwenye cherehani yangu, lakini siku ile sikushona kitu cha maana. Kila nikikanyaga pedeli, nilijiona niko Itaba, kilimani kwetu, nikiwa mtoto.

Tulirudi Burundi kwa malori kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi, mama na mdogo wangu Dezire, ambaye sote tulimwita Dezi. Baba tulikuwa tumemwacha kwenye makaburi ya kambini, na safari nzima mama alikaa ameupa mgongo upande ule tulikotoka. Tulishushwa Muyinga, kwenye mahema ya mapokezi, tukapewa blanketi zenye harufu ya dukani, sabuni ya mche, sufuria na jembe. Vumbi jekundu la barabara lilikuwa limetuingia mpaka kwenye kope. Dezi alikuwa na miaka kama minne. Alitazama huku na huku, akapangusa macho, na swali lake la kwanza katika nchi yake lilikuwa: "Chekechea iko wapi?"

Kambini tulikuwa na chekechea. Ilikuwa turubai juu ya nguzo, mikeka chini, na dada mmoja mnene mwenye sauti ya kuimba aliyewafundisha watoto nyimbo za vidole na kuwanywesha uji wa soya. Uji ule ulikuwa na harufu ya unga uliokaangwa, imechanganyika na moshi, na hadi leo nikiisikia mahali nageuza shingo. Mimi nilipita hapo kabla yake, nikaingia darasa la kwanza, nikajua a, e, i, o, u na herufi za jina langu. Dezi akiwa chekechea, mama aliweza kwenda kupanga foleni ya chakula au kutafuta kuni, nami niliweza kwenda darasani. Hatukuliona hilo kuwa jambo. Lilikuwa kama maji ya bomba, ambayo huyasemi mpaka siku yanapokatika.

Ng'ambo ya barabara, pale Muyinga, kulikuwa na shule ya matofali, na watoto wenye sare za kaki na bluu walikuwa wakitoka mbio. Nilivuta kitambaa cha mama.

"Mama, na kwetu kuna kama hii?"

"Kwetu ipo kubwa kuliko hii," mama akasema. Kwetu alikuwa hajakuona tangu alipokuwa msichana, lakini alilisema hilo bila kupepesa jicho.

Itaba ilitupokea kwa mvua. Shamba la ukoo lilikuwa limegeuka msitu, na mama aliambiwa wazi kwamba ardhi isiyolimwa ina watu wengi wanaoipenda. Basi akajifunga kibwebwe. Alitoka asubuhi umande ukiwa bado majanini, akarudi jua likiwa limeshuka nyuma ya migomba. Kwenye kilima chetu hapakuwa na chekechea, wala turubai, wala dada wa kuimba. Shule ya matofali ilikuwepo kweli, mama hakudanganya, lakini ilianzia darasa la kwanza. Mtoto ambaye hajafika darasa la kwanza alikuwa wa nyumbani, na wa nyumbani lazima awe na wa kubaki naye. Huyo alikuwa mimi.

Mama aliniambia haya tukiwa tunamenya viazi. "Dezi akifika umri wa shule, mtaanza pamoja. Wewe si umeshajua a, e, i? Utamsaidia njiani."

Niliridhika kabisa. Mtoto akiahidiwa kitu na mama yake, kwake hicho ni kitu alichokwisha kupewa, bado tu hajakishika. Kila asubuhi watoto wa kilimani walipita njiani kwetu wakielekea shuleni, wakituita abahungutse, yaani wale waliorudi, kwa kuvuta mdomo, kama vile kurudi kwenu ni ugonjwa wa ngozi. Hawakuniumiza. Nilijua siku yetu inakuja.

Wao ndio walionieleza habari ya sikio. Walisema Direkteri, mkuu wa shule, haulizi umri, maana nani aliyejua umri? Vyeti vilikuwa vimeungua, vimepotea, au havikuwahi kuandikwa. Anakuambia upitishe mkono juu ya kichwa. Ukishika sikio la upande wa pili, umekua, unaandikwa. Usiposhika, unarudi kwa mama yako. Nilipoambiwa hivyo nilimwita Dezi, nikampima papo hapo. Mkono wake uliishia katikati ya utosi. Dezi alikuwa na kichwa kikubwa, Mungu amrehemu baba yetu aliyemrithisha, na nilipokiangalia kile kichwa nilikufa moyo.

Ninyi mtacheka, na mna haki. Nilidhani shule inataka mkono. Kwamba mkono ni kipimo tu cha miaka, hilo halikunijia kabisa. Nilidhani ni kama mlango wenye komeo juu, na anayelifikia ndiye anayeingia. Basi nikaanza kuurefusha mkono wa Dezi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mparachichi wenye tawi la chini, nikawa namning'iniza hapo kila siku baada ya chakula, nami nimemshika kiuno asianguke, naye anacheka na kupiga mateke hewani. Nilimkanda kwa mawese kuanzia bega hadi kwenye vidole, nikivuta kila kidole mpaka kilie. Nilimkataza kubeba chochote kwa mkono ule, usije ukachoka. Mama alipouliza kwa nini mtoto ananuka mawese, nilimwambia tunacheza duka.

Na wangu? Wangu ulishika sikio siku ileile ya kwanza, barabara kabisa. Kadiri miezi ilivyokwenda, vidole vyangu vilianza kupita. Vilishika nyuma ya sikio, kisha vikateremka kwenye shingo. Nilifurahi. Nilidhani mkono ukizidi ndiyo bora zaidi, na kwamba Direkteri ataniona tu aniambie ingia.

Wakati huohuo tumbo la mama lilikuwa limekua, nami nilidhani amenenepa kwa furaha ya kurudi kwetu. Msimu wa mahindi akajifungua Odeta. Baba alikuwa amemwachia mzigo wa mwisho bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo nikawa na wawili, Dezi wa kuning'iniza na Odeta wa mgongoni, na mgongo wangu ukajua joto la mkojo wa mtoto kuliko ulivyojua nguo. Nilimpenda Odeta. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mgeni ambaye hajasema anaondoka lini.

Kisha ikatokea ile habari ya mtoto wa jirani. Ilikuwa wakati wa palizi, kila mwenye mikono yuko bondeni. Tulisikia ukunga kutoka nyumba ya pili, tukakimbia. Mtoto wao wa umri wa kutambaa alikuwa ameachiwa kaka yake, naye bado mdogo wa kuchezea tope, na yule wa kutambaa akafika kwenye mafiga. Sitaki kusema niliyoyaona. Harufu niliisikia nguoni mwangu mpaka mama akazifua kwa majivu. Mtoto alizikwa kesho yake, na mama yake alikaa kaburini anajipiga mikono, ile mikono iliyokuwa ikipalilia. Mama yangu alisimama pembeni na Odeta kifuani. Hakulia. Alikuwa ananiangalia mimi, na nilidhani ananiangalia kwa sababu nalia mimi.

Mwaka wa pili, Dezi akashika sikio. Alilishika chini ya mparachichi, kwa ncha ya kidole cha kati, akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Nilimbeba mgongoni nikakimbia naye kuzunguka nyumba, Odeta akatufuata kwa miguu yake mipya, anaanguka na kuinuka. Siku chache baadaye, watoto wa njiani wakasema uandikishaji ni wiki inayofuata. Ada ilikuwa imefutwa, kwa hiyo watu watakuwa wengi, tuwahi.

Hapo ndipo mama alipotengeneza pombe. Aliomba ndizi kwa mwanamke mmoja ambaye yeye alimpalilia shamba, akazivundika, akazikamua kwa majani, na nyumba yetu ikanuka ndizi chachu kwa siku nyingi. Jumapili mchana akavaa kitambaa chake cha kanisani, akaitia pombe ndani ya kibuyu, akakifunga kwa jani la mgomba, akajitwika. Nilimuuliza anaenda wapi. Akasema kwa Direkteri.

Wenzangu wa huku mnajua maana yake, lakini wengine mlikulia mbali. Kwetu huendi kuomba jambo kubwa mikono mitupu. Ukiomba mchumba, ng'ombe au kipande cha shamba, unatanguliza urwarwa, ile pombe ya ndizi, na mwenye nyumba akipokea mrija akanywa, basi amekubali kukusikiliza, na aliyekusikiliza akashiba pombe yako haoni pa kukukatalia. Kwa kawaida angetumwa mjomba au baba mdogo, mwanamume mwenye maneno yaliyopangika. Sisi hatukuwa naye. Nilimtazama mama akishuka bonde peke yake, kibuyu kichwani, mkono mmoja umekishika, na moyo wangu ukajaa. Nilimwambia Dezi: "Mama ameenda kutuombea shule."

"Atapewa?"

"Hakuna anayekunywa pombe ya mtu kisha akamkatalia."

Mama alirudi jioni. Kibuyu kilikuwa kitupu na miguu yake ina tope hadi kwenye goti. Nilimkimbilia.

"Amekunywa, mama?"

"Amekunywa."

Nilicheza. Niliimba wimbo wa vidole wa kambini, nikamzungusha Odeta, na mama akaingia ndani bila kututazama, akasema kichwa kinamuuma.

Siku ya kuandikishwa tulifika mapema tukakuta watu wamejaa uwanjani kama siku ya gulio. Direkteri alikuwa ameketi mezani chini ya baraza, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watoto walipita mbele yake mmoja mmoja wakinyanyua mikono. Waliofika waliandikwa, wasiofika wakaondoka wanalia, na mama mmoja alijaribu kuinamisha kichwa cha mwanawe kwa nguvu mpaka walinzi wakacheka. Dezi alipofika alivuta pumzi, akapitisha mkono, akashika. Alilishika sikio kwa vidole viwili vizima. Sijawahi kujivunia mkono wa mtu kiasi kile.

"Na huyu?" Direkteri akauliza.

"Huyu ni dada yake," mama akasema, taratibu.

"Nyanyua mkono."

Nikanyanyua. Mkono wangu ulipita juu ya kichwa, ukapita sikio, ukafika kwenye taya. Nilitabasamu nikisubiri anisifu. Direkteri hakuniangalia mimi, alimwangalia mama, na mama alikuwa anarekebisha kitambaa cha Odeta mgongoni.

"We mkono yako imepita," akaniambia kwa Kiswahili chake cha huku, ili nielewe vizuri. "Iko mrefu sana. Darasa ya kwanza inataka mkono ya kufika. Hii imechelewa."

Nilikunja bega. Nilivirudisha vidole mpaka vikashika sikio, nikamwambia, "Unafika, bwana, angalia, unafika!" Watoto nyuma yangu wakaangua kicheko. Dezi hakucheka. Alinishika gauni na mkono wake uleule wa kushika sikio, akauliza kwa nini nisikatwe kidogo.

Tulirudi nyumbani. Mama alinichemshia yai, yai zima, langu peke yangu, na yai kwetu lilikuwa la mgonjwa. Nililila nikilia, na chumvi ya machozi ikaingia ndani yake. Nilimhurumia mama kuliko nilivyojihurumia: ameomba ndizi, amepika pombe, amevaa kitambaa chake kizuri, na mkono wangu umeharibu kila kitu. Nilianza kulala nimeulalia ili usirefuke zaidi. Nikitembea niliukunja tumboni, na watu wa kilimani wakadhani nimeteguka.

Mwaka ule niliwahi kumwona, kupitia uwazi wa dirisha la shule, mvulana aliyerudi nchini baada yetu, mrefu kunizidi kwa kichwa kizima, ameketi darasa la kwanza katikati ya akina Dezi, magoti yako juu ya dawati. Nilisimama pale na Odeta mgongoni nikimtazama. Nikajiambia labda mikono yake ni mifupi.

Odeta alipoingia shule, mimi nilikuwa msichana mkubwa. Nikatafutiwa kazi Muyinga, kwa Mama Salima, mwenye duka la vitambaa na sukari, watu wa Kiislamu ambao babu zao walitoka Uhindini. Alikuwa na binti wa miaka minne, Nasra, na kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kumpeleka materneli. Nilimbebea mkoba wenye picha ya sungura, nikamfunga kamba za aproni, nikamkabidhi mlangoni kwa mwalimu. Mara ya kwanza nilipochungulia mle ndani nilishika fremu ya mlango. Mikeka, nyimbo za vidole, harufu ya uji. Nilidhani vile vitu vilibaki kambini na vimekufa huko, kumbe vipo, mjini, kwa wenye duka. Nilianza kukawia dirishani. Mwalimu akiandika ubaoni, mimi niliandika kwa kidole ukutani, na herufi zangu za zamani zikaanza kurudi moja moja.

Mama Salima alinikamata hapo. Alikuwa mkali wa mdomo lakini hakuwa na roho mbaya.

"We iko nafanya nini hapa? Nyumba nani anadeki?"

Nikaufuta ukuta kwa kiganja.

"We hukusoma? Kwa nini?"

"Mkono wangu ulikuwa mrefu, mama."

Alicheka, akidhani namtania. Aliponiona nimeukunja mkono tumboni, alinivuta pembeni ya ukuta. "Binti, mi nilizaliwa hapa Burundi, nimezeeka hapa. Mkono mufupi wanakataza, hiyo mi najua. Mkono murefu? Kila mwaka wanaandika hata wenye ndevu. Nani alikuambia hii uongo?"

Nilimjibu kwamba ni Direkteri mwenyewe. Akatikisa kichwa, akasema watu wa vilimani wana mambo yao. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye masomo ya alasiri ya parokia, kule wanakofundishwa watu wazima kusoma, ingawa yeye mwenyewe si mtu wa parokia. Kwa hayo masomo ndiyo naandika haya. Lakini swali lake nililifunika. Nilijua jibu halitakuwa zuri, na mtu huwa hachimbi chini ya nyumba anayoishi.

Miaka ikapita, nikawa na watoto na cherehani yangu hapa mjini. Mama alikuja kuumwa Itaba, Dezi akamleta hospitali hapa Gitega. Dezi sasa ni mwalimu Gishubi, ana kichwa kilekile na suti mbili. Nilishinda na mama wodini, nikilala nyumbani. Siku moja nilipitia na mwanangu wa mwisho, nimemtoa materneli, bado na aproni yake. Mama alimwangalia sana.

"Huyu naye anasoma?"

"Anasoma, mama. Ana miaka minne."

"Na ukiwa kwenye cherehani, nani anabaki naye?"

"Hakuna wa kubaki naye. Anabaki huko."

"Na yule wako mkubwa?"

"Yuko shule yake."

Mama akageuza uso ukutani. Nilidhani ni maumivu. Kesho yake mchana, wagonjwa wengine wakiwa wamelala, alinishika kifundo cha mkono akaniambia niketi karibu.

"Direkteri hakukukataa," akasema. "Mimi nilimwomba akukatae."

Sikuelewa. Akaendelea bila kunitazama, kama mtu anayesali sala aliyoikariri. Alisema alimpelekea pombe amwombe jambo moja: Dezi amchukue, mimi aniache. Direkteri alisita, akamwambia nafasi nitapata, warefu wanawachukua. Mama akamwambia kuhusu mtoto aliyeungua kwenye mafiga. Akamwambia ana Odeta, ana shamba ambalo watu wanalimezea mate, na hana mtu. Akamsihi atafute neno la kuniambia ambalo halitanifanya nimchukie mama yangu. Direkteri akanywa.

"Nilishindwa kukuambia mwenyewe," mama akasema. "Nilikuahidi. Ungeniuliza kwa nini wewe na si Dezi, ningekujibu nini? Nilikuwa na watoto watatu, na mahali pa kuwaacha hapakuwepo. Nikamwacha mmoja akamlinda mwenzake. Nikakuacha wewe."

Nilikaa pale nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Miaka yote ile nilikuwa nimeuchukia mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimemhurumia mama kwa kibuyu kile! Nilitaka kumuuliza kama alinisikia nikiimba siku ile, alipoingia ndani akasema kichwa kinamuuma. Sikuuliza, kwa sababu nilijua alinisikia. Nilijua pia kwamba lingekuwepo hata lile turubai moja kilimani Itaba, la kumweka Odeta mpaka saa ya chakula, na sheria ya kusema binti wa umri wangu lazima awe darasani, mama asingepika pombe ile. Asingeachiwa achague mtoto yupi asome. Wanaosema materneli ya lazima itawaonea wazazi, sina ugomvi nao, wana hoja zao. Mimi ninamwona tu mwanamke akishuka bonde peke yake.

"Utanisamehe?" mama akauliza.

"Nimekusamehe, mama."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu kidogo. "Umelisema haraka neno hilo, mwanangu. Nenda nyumbani, watoto wanakusubiri. Utalirudia kesho."

Alfajiri Dezi alinipigia simu. Tangu hapo nimelirudia, juu ya kaburi lake Itaba, kwenye cherehani, njiani nikitoka sokoni. Nalisema polepole, neno kwa neno, nikijaribu kulisema sawasawa, na kila nikimaliza naona bado nimelisema haraka.